Kovu la Pafu Lipimwe kwa Hesabu

Wapo ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliokunywa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6, wakaambiwa wamepona, na ni kweli wamepona, lakini hata leo hawawezi kupanda ngazi bila ya kutweta. Vijidudu vimekufa, kovu limebaki pafuni. Wapo na wengine ambao hawakuugua kifua kikuu kabisa, na mapafu yao yanazidi kukakamaa mwaka hadi mwaka. Katika eksirei ya kawaida wote hao huweza kuonekana wana madoa tu. Wa kwanza aweza kurudishiwa dawa asizozihitaji, na wa pili akacheleweshwa. Na ucheleweshaji huo haurekebishiki, kwani dawa za nintedanib na pirfenidone, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2014 kwa baadhi ya maradhi hayo, hupunguza mwendo wa kovu tu. Hazilifuti.

Mashine ya CT, uvumbuzi wa Godfrey Hounsfield uliotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza huko London mwaka 1971, haitoi picha peke yake, hutoa hesabu. Kila nukta ya picha ina namba yake. Maji ni sifuri, hewa ni 1,000 chini ya sifuri, na pafu zima lililojaa pumzi huwa karibu na 850 chini ya sifuri. Penye kovu namba hupanda kuelekea ile ya maji. Kompyuta ikizijumlisha nukta hizo, na kutambua maumbo ya wavu na ya sega la nyuki, daktari hujua ni asilimia ngapi ya pafu imeharibika, na baada ya mwaka kama imezidi. Kwa macho tu, hata mabingwa wawili hutofautiana juu ya picha moja.

Lakini hesabu hii huharibika ikifanywa ovyo. Mgonjwa asipovuta pumzi hadi mwisho, pafu huonekana zito, na kovu la uongo likazuka. Hapa ndipo tunapowaomba wakubwa wa afya watusikilize. Mashine inaponunuliwa utepe hukatwa na hotuba husomwa. Kanuni ya kuitumia haikatiwi utepe. Mgonjwa aliyevuka bahari kutoka Pemba akarudi na filamu moja mkononi, mwakani hana cha kulinganishia, na nauli yake imekwenda bure.

Hatudai kila mwenye kikohozi apigwe CT. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei, na makohozi yaendelee kuwa ushahidi wa kifua kikuu. Tunataka Wizara ya Afya iweke kanuni moja kwa kila mashine ya CT Visiwani: mgonjwa afundishwe kuvuta pumzi kabla ya kulazwa mashinani, vipande vya picha viwe vyembamba, mashine ikaguliwe kwa chombo cha maji kila siku, na picha zote zihifadhiwe katika kompyuta, nakala yake akabidhiwe mgonjwa mwenyewe.