Goti la Mkimbiaji Mpya: Usijikaze, Wala Usilale

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Mimi niliyaamini maneno hayo asubuhi moja ya mwaka 2018 nikiwa Buna, ule mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Moyale, niliposhindwa kuinuka vizuri kutoka kwenye sijda. Goti la kulia liliuma kana kwamba lilipigiliwa msumari nyuma ya pia yake. Nikajiegemeza kwa mkono, nikamaliza swala nimeketi, na jirani yangu wa safu akanitupia lile jicho la huruma wanalotupiwa wazee. Nilikuwa na umri wa miaka 43. Nilikuwa tabibu. Na nilikuwa nimeanza kukimbia majuma matano tu yaliyopita.

Mpenzi msomaji, huenda nawe umo katika hali hiyo, ingawa unaishi Nairobi, Mombasa au Nakuru na hujawahi kuiona Buna. Siku hizi watu wa mijini wanakimbia. Ukipita msitu wa Karura alfajiri au Mama Ngina jioni utawakuta, wengi wao wakiwa watu wazima waliotishwa na presha, sukari au kitambi. Nawapongeza. Lakini nimewaona wengi wakiacha baada ya miezi miwili mitatu, na ukiwauliza sababu, wanakuonyesha goti. Maoni yangu ni kwamba goti hilo mara nyingi halijaharibika. Watu hawa wanaondolewa barabarani na namna wanavyopumzika, au wanavyokataa kupumzika.

Nikueleze lililonipata. Presha yangu ilikuwa imeanza kupanda, nami nikaona aibu kuwashauri wagonjwa wafanye mazoezi ilhali mimi nashinda kitini. Nikatoa viatu vyangu vya mitumba nilivyonunua Gikomba, nikaanza kutoka kila siku baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Buna jua likishapanda, hakuna anayekimbia isipokuwa mbuzi aliyepotea. Juma la kwanza nilihema kabla sijaziacha nyumba za mwisho za mji. Juma la tatu pumzi ikakubali. Nikafurahi, nikaongeza. Juma la tano nilikuwa nakimbia kilomita nane, siku nne mfululizo.

Hapo ndipo penye mtego. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Katika majuma machache mtu huanza kujiona ana nguvu mpya. Kano, gegedu na mifupa hujifunza polepole, kwa miezi. Kilomita moja ya mbio za taratibu ni takriban hatua elfu moja, na kila hatua hulitwika goti mzigo unaozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa. Mtu aliyetoka kwenye kiti cha ofisi akafika kilomita nane kwa siku kwa kuwa pumzi imemruhusu, amelipa goti kazi ambayo halijajiandaa kuifanya. Ukichunguza wengi wa wakimbiaji wapya wanaoumwa goti, utakuta jambo hili limetangulia: waliongeza haraka.

Maumivu yenyewe yana tabia yake. Hukaa mbele ya goti, kuizunguka pia au nyuma yake. Huwaka unaposhuka ngazi kuliko unapopanda. Huja ukiketi kwa muda mrefu magoti yamekunjwa, kama kwenye kiti cha nyuma cha matatu, na huja ukichutama chooni. (Vyoo vya kuchutama vimegundua magoti mabovu mengi kuliko sisi matabibu.) Pia ya goti huteleza kwenye mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Misuli ya paja na ya makalio ikiwa dhaifu au imechoka, goti huelekea kuporomokea ndani kila unapotua, na pale nyuma ya pia panabanwa kupita kiasi. Hakuna kilichokatika. Pamechoshwa, pakakasirika.

Sasa niungame. Nilifanya makosa yote mawili, moja baada ya jingine.

Kwanza nilijikaza. Mkenya ana ugonjwa wake katika jambo hili. Tumezaliwa katika nchi ya mabingwa, hata sisi tusioweza kukimbilia basi, na tunaona haya kusema mbio zimetuumiza. Wa mjini ana shinikizo la ziada: amelipia Nairobi Marathon, fulana anayo, na kikundi cha kazini kinamsubiri. Mimi sikuwa na kikundi, nilikuwa na kiburi tu. Nikameza vidonge vya kutuliza maumivu asubuhi, nikatoka kukimbia. Siku kumi nilifanya hivyo. Mgonjwa wangu angenieleza habari hiyo ningemgombeza, kwa sababu dawa za jamii ya ibuprofen na diclofenac zinaweza kuchubua tumbo na kuumiza figo, na hatari huongezeka mwili unapopungukiwa na maji, jambo lisilohitaji juhudi katika joto la kule. Mwenye presha ana sababu ya ziada ya kujihadhari nazo, maana huweza kuipandisha. Tena dawa hunyamazisha goti wakati ule ule ambao ungetaka likuambie kitu. Usimeze kidonge ili ukakimbie.

Goti liliponilaza nikaingia kosa la pili. Nilisema basi, napumzika, na nikapumzika kweli kweli. Majuma matatu sikwenda popote ila kazini na msikitini, na msikitini niliswali kitini. Maumivu yakatulia. Nikadhani nimepona, nikavaa viatu, nikatoka kwa mwendo wangu wa zamani. Kilomita ya pili goti likarudi na hasira zake zote. Bila shaka! Katika majuma hayo matatu misuli ilikuwa imezidi kulegea, na goti nimelirudishia mzigo ule ule.

Aliyenifungua macho hakuwa daktari. Mzee mmoja mfugaji alikuja kutibiwa kikohozi, akaniona nachechemea kutoka mezani hadi kabatini.

"Daktari, wewe anakutibu nani?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya mbio. Akacheka kwanza, kwa sababu kwake mtu mzima hukimbia akifukuza au akifukuzwa. Kisha akasema, "Ngamia akichechemea hatumpakii mzigo. Lakini hatumfungi. Tunampeleka malishoni pole pole na wenzake. Ukimwacha alale siku nyingi, kumwinua ni kazi."

Mzee alinishauri pia nichomwe kando ya goti kwa chuma cha moto, dawa ya jadi inayojulikana sana kwa wafugaji wa kaskazini. Hiyo nilimshukuru nikaikataa. Nimewauguza watu wenye vidonda vilivyooza kwa kuchomwa namna hiyo, na goti si mahali pa kualika usaha. Lakini lile la ngamia nililichukua, kwa kuwa ndilo lile lile wanalolisema wataalamu wa tiba ya viungo: punguza mzigo, usiondoe mwendo.

Kwa hiyo swali la "nipumzike siku ngapi?" ambalo wasomaji huniuliza kila mara, halijibiwi kwa kalenda. Linajibiwa na goti, na linajibiwa kesho yake asubuhi. Tembea, kwa mfano, nusu saa. Ukiyapima maumivu kutoka sifuri hadi kumi, yakabaki mbili au tatu wakati wa kutembea, na kesho yake goti liko kama lilivyokuwa jana, mzigo huo unakufaa. Likiamka limevimba, limekaza, au linauma zaidi kwenye ngazi, umezidisha, punguza, usiache. Wako watakaorudi kukimbia baada ya siku kumi, na wako watakaohitaji miezi mitatu. Kuchelewa hakumaanishi kwamba wewe ni mgonjwa zaidi ya mwenzako.

Wakati huo huo yajenge mapaja na makalio. Mimi nilikuwa nafanya haya jioni kwenye mkeka, siku tatu kwa juma. Nalala chali, magoti nimeyakunja, nainua nyonga juu na kuishikilia kidogo. Nalala ubavu, nainua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Naegemeza mgongo ukutani na kushuka kidogo kana kwamba naketi, nikikomea pale goti lisipolalamika. Baadaye nikaongeza kupanda na kushuka kidato kimoja, taratibu, nikitazama goti lisiporomoke kwenda ndani. Utafiti umeonyesha kwamba kujenga misuli ya nyonga pamoja na ya paja kunasaidia kuliko kuhangaika na goti peke yake. Usitarajie muujiza juma la kwanza. Mimi nilianza kuona tofauti baada ya majuma sita.

Kuhusu viatu sitasema mengi. Kiatu kilichokwisha soli kibadilishe. Lakini watu wananunua viatu vya bei ya mbuzi wawili wakitumaini vitatibu goti lililozidishiwa kilomita, na havitibu. Jambo la bure linaloweza kusaidia ni kufupisha hatua: piga hatua fupi fupi na za haraka kidogo kuliko ulivyozoea, mguu utue karibu na mwili badala ya mbele sana. Mzigo wa goti hupungua.

Iko hofu nyingine inayowafanya watu waache kabisa, hofu ya kwamba mbio zinasaga magoti na kwamba wakizeeka watatembelea mikongojo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Miongoni mwa watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 3.5 walikuwa na ugonjwa wa kulika viungo vya nyonga au goti. Miongoni mwa wasiokimbia walikuwa asilimia 10.2. Waliokimbia mashindano ya ngazi ya juu ndio waliokuwa na asilimia 13.3. Takwimu kama hizi hazithibitishi kwamba mbio ni kinga, kwani huenda wenye magoti mabovu waliacha mapema. Lakini hazimpi mtu wa kilomita tano ruhusa ya kurudi kochini kwa kisingizio cha uzee.

Na ikiwa unaona kupumzika ni unyonge, mkumbuke David Rudisha. Agosti 2012 mjini London alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata aliumia goti, na mashindano ya dunia ya Moscow ya Agosti 2013 yakaenda bila yeye. Hebu fikiria presha ya nchi nzima juu ya goti moja. Alirudi mwaka 2014, na mwanzoni hakuwa yule wa London. Glasgow, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata fedha. Kisha akachukua dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015 na ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Wewe unayehofia kukosa mbio za kilomita kumi za kampuni yenu, umesikia?

Lakini si kila goti la mkimbiaji ni la mbio, na hapa sitaki mzaha. Goti likivimba ghafla baada ya kuanguka au kujipinda, likikwama lisikunjuke, au likikuachia ukiwa umesimama, nenda hospitali ukapimwe. Likiwa jekundu, la moto, nawe una homa, nenda siku hiyo hiyo; usaha ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache. Maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umetulia nayo yachunguzwe. Jingine nililojifunza kaskazini: mtu akija na maumivu ya magoti au mgongo, homa inayokwenda na kurudi, jasho jingi usiku na uchovu, nilikuwa namuuliza kwanza kuhusu maziwa. Brusela hupatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, ya ngamia yakiwemo, na huingia kwenye viungo. Wewe wa Nairobi usiseme hayo ni ya wafugaji, kwa maana maziwa ya ngamia yanauzwa Eastleigh. Yachemshe. Na usikubali kudungwa sindano gotini na muuza duka la dawa, hata akiwa rafiki yako.

Nilirudi kukimbia mwezi wa tatu tangu siku ile ya sijda. Nilikimbia dakika moja, nikatembea mbili, mara nane, basi, nikarudi nyumbani jasho halijalowesha shati. Watoto waliokuwa wakienda madrasa walinicheka, mmoja akaniuliza kama nimepotea njia. Kesho yake nilishuka vidato vitatu vya mlango wa kazini, nikapanda, nikashuka tena kuhakikisha. Goti lilinyamaza. Nikakaa siku moja zaidi ndipo nikatoka tena.