MCHORO KWANZA AMA KITAMBAA KWANZA?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Mimi sikuiga tembo. Niliiga nyota, na kilichopasuka ni blanketi. Ndiyo maana leo naomba nafasi katika gazeti letu la Chama cha Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine mtalicheka: kuchagua mchoro wa blanketi la viraka.

Sisi tunakaa Umoja. Mdogo wangu hulala kwenye kochi, na mnajua baridi ya Julai hapa Nairobi haina huruma. Mwaka jana mama aliniletea gunia la vipande vya nguo kutoka kwa mafundi wa Soko la Uhuru, kule karibu na Jogoo Road, ambako sare nyingi za shule hushonwa. Nikasema, "Mathe, hapa patatoka blanketi."

Kosa langu lilianzia hapo. Badala ya kufungua gunia nikaone kuna nini, nilikwenda kwa wauza vitabu kuukuu kutafuta gazeti la ushonaji la ng'ambo. Nikapata mchoro wa nyota zilizoundwa kwa pembetatu ndogo ndogo. Lo! Zilikuwa maridadi ajabu. Nikakata pembetatu wiki mbili nzima. Kumbe kitambaa kikikatwa mshazari hunyumbuka! Ukishona upande huu, ule unajivuta, na ncha hazikutani. Isitoshe, nilichanganya pamba, tetroni na vipande vya sweta. Siku ya kwanza kufuliwa, pamba ilinywea, sweta zikatanuka, nyuzi zikaachia. Mdogo wangu akajifunika koti la mama Julai yote. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Shosho alipotutembelea mwezi wa Agosti, alilishika lile blanketi, akaligeuza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii ni ya kulalia ama ya kuangalia?" Nikakosa jibu.

Swali hilo ndilo msingi wa maoni yangu. Nasema hivi: mchoro uje mwisho. Kwanza mjue atakayejifunika. Pili fungua gunia, utenge pamba na pamba, tetroni na tetroni, na sweta uziweke kando. Hapo ndipo uulize ni mchoro gani unaowezekana. Anayeanza na mchoro huwa amekubali kazi ya mtu ambaye hajawahi kuliona gunia lake.

Na michoro tunayo tele hapa nyumbani. Tazama leso: ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina lake chini. Huo tayari ni mchoro wa blanketi! Shosho alinipa leso yake kuukuu, nikaikata katikati sentimita 92 kwa 122. Kisha nikakata miraba 72 ya mashati ya sare, kila mmoja sentimita 17, ili ukishonwa ubaki 15. Nikaizungusha safu mbili kama pindo. Likatoka blanketi la sentimita 150 kwa 180, mistari yote imenyooka, hakuna pembetatu hata moja. Ukitaka mistari ya rangi, mtazame mama abebaye kiondo kwenye matatu. Mistari ile haitaki ufundi mkubwa, yataka jicho tu.

Wala si sisi pekee. Huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, akina mama Weusi walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, kila mmoja akifuata vile vipande vilivyomruhusu. Mwaka wa 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za mablanketi hayo. Hebu fikiri, viraka vya suruali vikawa stempu!

Najua kuna watakaosema, "Wee, si uende Gikomba ununue blanketi la mtumba, yaishe?" Sawa, mwenye pesa na aende. Lakini gunia langu lilikuwa la bure, na vipande vile vingetupwa jaani. Wengine watasema kushona ni kazi ya wasichana. Hao nawaomba wapite sokoni wahesabu wanaume walioinamia cherehani, kisha warudi tuongee.

Sisemi nyota ni mbaya. Siku moja nitazirudia, nikiwa na kitambaa cha aina moja na mkono uliozoea. Ninachosema ni kwamba uzuri wa blanketi huanza kwa kumfunika mtu. Mdogo wangu sasa hulala chini ya leso ya shosho, na Julai ikija, ije tu.

Basi msomaji mwenzangu, kabla hujatafuta mchoro, fungua gunia lako kwanza. Kwaherini.