MWALIMU MKUU NA NJIA YA KURUDI KILWA

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, msafiri akikaa njia panda ya Nangurukuru ataona jambo la kumfikirisha. Mabasi yatokayo Dar es Salaam huteremsha walimu walio wenyeji wa Kivinje, Masoko na Pande, waliokuja kuwaamkia wazee wao kutoka Tabora, Kagera au Rukwa wanakofundisha. Mabasi yarudiyo Dar es Salaam nayo hupakia walimu wanaofundisha Kilwa, wanaokwenda kwao Moshi, Bukoba na Musoma. Walimu hawa hupishana njiani mwaka hata mwaka, na ni wachache waliokaa wakauliza kama kupishana huko kwaliletea taifa faida, au kwaleta hasara ya nauli tu.

Tusije tukaeleweka vibaya. Desturi ya kumpeleka mwalimu mbali na kwao haikuwa ya upuuzi. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza kufundisha Tabora mwaka 1946, kisha akafundisha Pugu mpaka alipoacha kazi hiyo mwaka 1955, wala Tabora na Pugu si kwao. Baada ya Uhuru nchi yetu ilitaka mtoto wa Kimwera amwite Mhaya mwalimu wake, na mtoto wa Kihaya amwite Mmatumbi mwalimu wake, wasahau kuulizana kabila. Jambo hilo lilifaulu kwa kiasi ambacho baadhi ya jirani zetu wanakionea wivu mpaka leo. Kijana atokaye chuoni na apelekwe popote nchi inapomtaka. Hayo hatuyabishi.

Lakini kijana wa miaka 24 mwenye sanduku moja si sawa na mwalimu mkuu wa miaka 45. Huyu wa pili amekwisha kuitumikia nchi mbali na kwao. Amejua kuendesha ofisi, kuketi na kamati ya shule, kumtuliza mzazi mwenye hasira na kumsimamia mwalimu mvivu. Sasa wazee wake wamechoka, na wilaya yake ina haja ya mtu wa namna yake. Twauliza, je, imempasa arudi kwao baada ya kustaafu tu, nguvu zimekwisha, akalime mikorosho?

Yafaa tutazame kazi yenyewe ilivyo katika pwani ile. Shule ya kijiji cha wavuvi haifanani na shule ya mjini. Wavuvi wanapokwenda dago, watoto wa kiume wakubwa huwafuata baba zao, na madawati hubaki matupu kwa majuma. Ufuta ukikauka mashambani, mama huwachukua wanawe wote wamsaidie kukata kabla mbegu hazijapukutika, maana ufuta haungoji kengele ya shule. Kisha yaja majira ya jando na unyago. Mwalimu mkuu mgeni huona hayo yote kuwa ni utoro. Huandika barua kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji humwita mzazi, mzazi hununa, na mambo hurudi palepale. Mwenyeji hafanyi hivyo. Yeye humjua nahodha kwa jina, humfuata ufukweni jioni na kumwambia, "Mjomba, huyu mtoto ana mtihani mwaka huu, niachie mpaka Septemba." Ufuta umekwisha kumchosha mgongo tangu utoto wake, kwa hiyo ajua ni juma gani la kuomba na ni juma gani la kunyamaza. Akiongea na somo wa mwari, ajua heshima ipasayo, naye husikilizwa akiomba mafundisho yale yafanywe wakati wa likizo. Hapana chuo cha ualimu kinachoweza kumfunza mtu hayo kwa miaka miwili.

Tena kuna habari ya zamani ambayo watu wa pwani hawaisemi sana mbele ya wageni. Wakati wa ukoloni shule nyingi za maana za Kusini zilikuwa za misheni, kama zile za Masasi na Ndanda, na wazazi wengi wa Kilwa na Lindi walikuwa Waislamu walioogopa kwamba mtoto akitiwa shule atatolewa katika dini yake. Walimpeleka chuoni akasome Kurani, wakaona yatosha. Hawakuwa wajinga watu hawa. Kilwa Kisiwani ilikuwa na msikiti mkuu na wanavyuoni wake karne nyingi kabla ya meli ya Mdachi kuonekana, na Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331 aliusifu mji huo. Hofu ile ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo imekwisha kuondoka, lakini mazoea ya kuiona shule kuwa kitu cha watu wengine hayaondoki kwa tangazo. Yule mwalimu mkuu ambaye mwenyewe aliketi juu ya mkeka wa chuo akashika msahafu, kisha akaenda shule akapata shahada, ndiye awezaye kumwonyesha mzazi kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Wako walimu wa Kusini waliorudi, tena wenye majina makubwa. Ndugu Kassim Majaliwa alianza kazi kwa kushika chaki, akautumikia Chama cha Walimu, akawa Mkuu wa Wilaya ya Urambo na baadaye Rufiji, kisha mwaka 2010 akarudi kwao Ruangwa kuomba ubunge akaupata. Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu, akakishika cheo hicho kwa miaka kumi. Mama Salma Kikwete, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, naye alirudi mkoani kwake Lindi akachaguliwa mbunge wa Mchinga mwaka 2020. Hatuna neno juu yao. Tunalosema ni kwamba mwalimu akirudi kwao kwa njia ya ubunge, ngoma hupigwa. Akirudi kwa njia ya shule, majirani humwuliza kwa sauti ya chini amefukuzwa kazi kwa kosa gani.

Na hao majirani si wa kulaumiwa peke yao, maana hata kanuni zenyewe humfanya arudiye aonekane kama aliyeshushwa. Mtumishi akihamishwa na mwajiri hulipwa gharama za uhamisho, lakini akiomba mwenyewe hujilipia lori. Basi mwalimu mkuu wa Tabora anayetaka Kilwa hutoa fedha mfukoni ili aende mahali ambapo wengine hupelekwa kwa kulipwa nao wakalalamika. Zaidi ya hayo, ukuu wa shule ni madaraka ya kuteuliwa, haufungwi ndani ya sanduku ukasafiri na mtu. Akifika halmashauri mpya huwa mwalimu wa kawaida. Posho ya madaraka, ambayo ilipoanzishwa ilikuwa Sh 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na Sh 250,000 kwa mkuu wa sekondari, huikosa. Mwenye watoto wanaosoma atalipima jambo hilo mara mbili, na wengi wakilipima hubaki walipo.

Ziko hoja za upande wa pili, nazo si za kudharau. Watu husema kwamba mwenyeji atajaza wapishi na walinzi wa ukoo wake, atafumba jicho mpwa wake akichelewa, na fedha za shule zitakwenda katika harusi za binamu. Yametokea mahali pengine, hatukatai. Lakini kwani mgeni hana marafiki? Wizi hauulizi mtu alizaliwa wapi, na dawa yake ni kamati ya shule inayosoma hesabu na mkaguzi anayefika. Twakubali jambo moja tu, kwamba asipewe shule ya kijiji alichozaliwa. Mtu wa Kivinje apelekwe Njinjo, wa Pande apelekwe Somanga. Atakuwa karibu ya kutosha kuwazika wazee wake, na mbali ya kutosha kumkatalia shangazi. Nanyi wanachama wenzetu wa matawi, msimfanye kuwa karani wenu kwa kuwa ni ndugu yenu.

Mwezi wa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu karibu na Somanga, magari yalikwama kwa siku kadhaa upande huu na upande ule. Kwa mwalimu mgeni, siku kama zile huongeza mstari mmoja katika barua ya kuomba uhamisho. Kwa mwenyeji ni msiba wa nyumbani tu, atoke akatazame ni nani ameanguka nyumba.

Gesi ya Songosongo imekuwa ikienda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, wala hatuilaumu kwa kutorudi. Watu si gesi. Septemba 2023 jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Kilwa Masoko, na bandari hutaka mafundi wa mitambo ya barafu, makarani na mabaharia wenye vyeti. Vijana hao watatoka shule za pale pale, au watatoka mbali huku wa Kilwa wakibeba samaki mabegani. Kwa hiyo twaiomba Serikali kwamba mwalimu mkuu aliyetumika mbali miaka 10 au zaidi, akiomba kurudi katika wilaya yenye upungufu kama Kilwa, ahesabiwe kuwa amehamishwa kwa haja ya kazi, alipwe lori lake, na jina lake liwe la kwanza kutazamwa nafasi ya ukuu itakapopatikana. Walio tayari kubadilishana naye hawatakosekana. Wapo Nangurukuru kila Desemba, wameketi juu ya mizigo yao wakingoja basi.