SAHANI ILIYOFUNIKWA

Leo sitazungumza juu ya vita vya kiroho wala maombi ya kufunga. Leo nataka tuingie jikoni.

Wiki chache zilizopita nilimkuta binti yangu wa miaka mitano nyuma ya nyumba akicheza kalongolongo na wenzake. Walikuwa wamepika matope kwenye vifuniko vya chupa, na yeye ndiye alikuwa mama. Akawapakulia wote. Kisha akachukua kifuniko kimoja, akakifunika kwa jani na kukiweka kando. Mwenzake akamuuliza hicho ni cha nani. Akasema, "Ni cha baba. Ako kanisani."

Nilirudi ndani polepole. Jumanne ni ushirika wa nyumbani. Jumatano ni ibada ya jioni. Alhamisi ni kikao cha wazee, na Ijumaa ni kesha. Kwa mtoto wangu, mimi ni sahani iliyofunikwa.

Sasa nitasema neno ambalo wachungaji wenzangu hawatalipenda. Sisi tunawaita wazazi kanisani jioni baada ya jioni, saa ile ile watoto wao wanakula, halafu Jumapili tunapanda madhabahuni na kuwakemea kwamba madhabahu ya familia imevunjika. Tumesaidia kuivunja. Na mimi nimo.

Fungua Kutoka 12 uisome tena. Usiku ule Israeli wanajiandaa kutoka Misri, na Mungu anawapa maagizo ya chakula: mwana-kondoo wa kuchomwa, mikate isiyotiwa chachu, mboga chungu, kila nyumba na wake. Na Mungu alijua kwamba miaka ijayo mtoto ataona mambo hayo na kuuliza maana yake. Mafundisho yaliwekwa ndani ya mlo. Lakini mtoto aliyelishwa peke yake mbele ya katuni, akalazwa kabla baba hajafika, atamuuliza nani?

Najua kuna atakayeniletea habari ya Martha. Mpendwa, mimi naamini shida ya Martha haikuwa sufuria. Alikuwa na wasiwasi mwingi, na alikuwa peke yake. Ninyi dada mnaopika kila Jumapili sisi tukiwa tumekaa sebuleni tukijadili mahubiri mnanielewa.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama watoto apumzike, nikaingia jikoni na watoto wawili, huyu binti na kaka yake wa miaka minane. Tulipika chapati. Vikombe vinne vya unga wa ngano, chumvi kijiko kidogo, mafuta vijiko viwili, maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Mwana alikanda, binti akamwaga maji mengi kuliko nilivyomwambia, tukaongeza unga, maji tena, unga tena. Tuliishia na chapati za kulisha kwaya. Nyingine zilikuwa na umbo la ramani ya Kenya.

Lakini nataka nikae hapa kidogo. Unga wa chapati ukishakandwa unafunikwa kwa kitambaa na kuachwa upumzike karibu nusu saa, ndipo ulainike na usukumike vizuri. Nusu saa hiyo huna la kufanya. Tulikuwa tumekaa sakafuni tukichambua sukuma, na mwanangu, macho yake yakiwa kwenye majani, akaniambia kuna wavulana wakubwa wanaomngoja njiani akitoka shule na kumnyang'anya vitu. Muhula mzima. Mimi nilikuwa nikimwekea mkono kichwani kila usiku na kumwombea ulinzi, na sikuwahi kujua anaogopa nini. Nimemuuliza mara nyingi, "Shule iko aje?" na jibu lilikuwa, "Iko sawa." Mtoto ukimkalisha kitini umhoji, atanyamaza. Mpe sukuma achambue.

Jumatatu nilienda shuleni. Mambo yanashughulikiwa.

Wanaume, nisikieni. Sijaona mahali popote kwenye Maandiko paliposema mwiko ni wa mama peke yake. Yohana 21: Bwana amefufuka, ana mamlaka yote, na wanafunzi wanafika ufuoni wanakuta makaa, samaki juu yake, na mkate. Ni yeye aliyewaandalia. Na Petro, aliyemkana mara tatu, alirejeshwa baada ya kula kifungua kinywa hicho. Kuchoma nyama tunakimbilia, hapo hatusemi ni kazi ya wanawake.

Utaniambia, mchungaji, mimi natoka kazini saa moja, matatu zinagoma, nafika nyumbani watoto wanasinzia. Au uko peke yako, unalea watatu. Nakuelewa, na sikupi mzigo mwingine. Simaanishi pilau. Namaanisha ugali na sukuma, au ndengu. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuosha nyanya kwenye beseni. Wa miaka mitano anaweza kuchagua mawe kwenye ndengu, tena ataona yale ambayo wewe huyaoni. Wa miaka minane au tisa anaweza kusonga unga ukiwa umesimama naye. Kama siku za kazi haziwezekani, Jumapili baada ya ibada inatosha. Watakuchelewesha, na mboga itakatwa vipande vinene. Kula hivyo hivyo.

Jambo moja la usalama. Sufuria zetu hazina mpini, na mafuta ya moto hayana huruma, kwa hiyo kuepua na kukaanga ni kazi ya mtu mzima. Na jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama kuna baridi. Hewa yake inaua, na huwezi kuinusa.

Kwa hiyo, kuanzia wiki hii, ibada ya Jumatano jioni tumeisimamisha hadi mwisho wa mwezi. Ushirika wa Jumanne utakuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na watoto waje. Wazee wawili wameniuliza sadaka ya Jumatano itatoka wapi. Ni swali la haki na bado tunalizungumza. Mmoja ameniambia wazi kwamba waumini watatumia jioni hiyo kutazama mpira. Pengine wengine watatazama.

Mimi kesho jioni nitakuwa nyumbani. Ndengu zimelowekwa tayari. Binti yangu ameshagawa kazi: kaka yake atakwaruza karoti, yeye ataosha nyanya, na mimi nimepewa vitunguu, kwa sababu anasema mimi ni mkubwa na siwezi kulia.