Wakate intaneti, wasikate masomo yetu



Siku moja tu baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini, na ilirudi karibu wiki tatu nyuma. Januari 2015 pia walikata, wakati vijana waliingia barabarani kukataa sheria mpya ya uchaguzi. Kila mara tumelalamika juu ya habari na picha zilizofichwa, na tuko na haki. Lakini jambo moja hatulisemi sana: siku zile, mwanafunzi aliyekuwa anaandika kazi yake ya kumaliza masomo alibaki bila maktaba. Maktaba yake ni simu, na ufunguo uko mukononi mwa mutu mwengine.

Hata siku hawakati, wengi wetu tunaishi kama imekatwa. Mega zinaisha mbele ukurasa ufunguke. Munakumbuka RAM? Toka 2020 walikuwa wanatukata inite, dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya 4G, mpaka wakaiondoa 2022 juu wananchi walikataa.

Sasa, njia moja iko, na ni ya bure. Programu inaitwa Kiwix, ilianza mwaka wa 2007. Inachukua Wikipedia yote na kuifunga ndani ya faili moja ya aina ya ZIM. Ukishaiweka kwenye simu, unatafuta neno, unasoma, unatoka makala moja kwenda ingine, bila kutumia mega hata moja. Wikipedia ya Kifaransa yenye picha inapita giga 30, lakini bila picha inapungua sana. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia hata kwenye simu ya bei ya chini. Na kunakili si wizi: leseni ya Wikipedia inaruhusu kila mutu kunakili na kugawa, bora aseme ilitoka wapi.

Kwa hiyo mutu mumoja anaweza kupakua mara moja, pale penye Wi-Fi nzuri, kisha anapitishia wengine kwa kadi ya memori. Angalieni tu: kadi iliyopangwa kwa FAT32 haikubali faili inayopita giga 4, muipange kwanza kwa exFAT. Kwa shule nzima, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha. Inatoa Wi-Fi yake yenyewe, wanafunzi wanaingia na simu zao, intaneti haihitajiki. Umeme inayokula ni kidogo, pano ndogo ya jua na betri vinaweza kuibeba.

Lakini tusikomee kutumia vya wengine. Katiba yetu, kifungu cha 62, inasema hakuna mutu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Sawa. Mama wa sokoni anayedaiwa taksi tatu kwa siku moja aisomee wapi? Kifungu cha 24 kinampa haki ya kupata habari, ila haki ile inabaki kwenye karatasi. Vyombo vya kutengeneza faili za ZIM viko wazi kwa kila mutu. Tuko wengi tuliosoma informatike, tukapata diplome, tukabaki nyumbani. Tunaweza kutengeneza programu yetu: ndani mukae Katiba, sheria ya uchaguzi, sheria ya ardhi na Kode ya familia, kwa Kifaransa, na pembeni maelezo kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Wenye kusoma sheria waandike maelezo, wa informatike wafunge faili.

Kuna watakaosema nakala inazeeka. Ni kweli. Kwa hiyo kila faili iandikwe tarehe yake, na kila mji uchague mutu wa kuleta mpya. Watasema Wikipedia iko na makosa. Ni kweli pia, na ya Kiswahili bado inasema kidogo sana juu ya miji yetu. Wa kuijaza ni sisi.

Na Serikali isifurahi mapema. Kazi hii haiifutii deni. Tutaendelea kudai bei ya mega ishuke, shule zipate umeme, na hakuna mukubwa awe na ruhusa ya kuzima intaneti siku anaogopa wananchi. Ila tukingoja wao tu, tutazeeka tukingoja.

Kwa wiki hii, kila mji ufanye mambo matatu. Mutafute simu au kompyuta moja yenye nafasi, mupakue faili ya Kiswahili na ya Kifaransa. Mupeleke kwenye shule moja, muongee na mukubwa wa shule. Muandike majina ya wanaojua informatike na wanaojua sheria, ili tuanze kazi ya ile programu yetu.

Siku watakata tena, watukute tunasoma.