Mgeni Asiyebisha Hodi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya miche mimi naona mambo ni kinyume: kizuri hujiuza huku kimebeba kibaya mgongoni, na mnunuzi huvilipia vyote viwili. Nayasema haya kwa sababu imeingia hamu ya maua ya kigeni hapa Sumbawanga, hasa yale ya jamii ya okidi, na pamoja na hamu hiyo yameingia maneno ya hatari. Nataka kuyajibu moja baada ya jingine, kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari chuoni.

Kwanza tuelewane. Okidi si mgeni Ufipa. Mvua zikinyesha, huchanua zenyewe katika nyasi za uwanda wetu, wala hakuna aliyezipanda. Sisi tumezifanyia nini? Tumezichimba. Viazi vyake vya ardhini huvushwa mpaka kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa kati ya viazi milioni 2 na milioni 4 vya okidi vilikuwa vikitoka kila mwaka katika Nyanda za Juu Kusini. Hivyo basi, okidi zetu tunazitoa kwa magunia, na za wenzetu tunazileta kwa vyungu. Na katika kila chungu mna udongo au maganda ya miti, mna maji, mna mizizi. Humo ndimo anamokaa mgeni asiyebisha hodi.

Neno la kwanza ninalolisikia ni hili: "Mwalimu, hili ni ua tu, haliliwi." Aliniambia hivyo kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anataka kufungua kitalu cha maua ya harusi na ya hoteli. Nia yake ni njema, na biashara ni halali. Lakini hoja yake haina miguu. Ugonjwa hauulizi kama mmea unaliwa au unatazamwa.

Msomaji na achukue mfano wa jirani zetu. Mwaka 2003 vipando vya ua liitwalo jeraniamu, vilivyokuzwa Kenya, vilifika Marekani vikiwa na bakteria wa mnyauko ndani yake. Vilikuwa vimekwisha kusambazwa katika vitalu vya majimbo zaidi ya 20 kabla jambo halijagundulika. Miche mingi mno ikateketezwa. Kwa nini nchi kubwa namna ile iliogopa ua la dirishani? Kwa sababu bakteria yule ndiye yule yule anayenyausha viazi mviringo na nyanya, tena ni wa aina inayostahimili baridi ya nchi za juu. Mwaka 2020 wakampata tena, safari hiyo katika jeraniamu kutoka Guatemala. Sasa nauliza: uwanda wetu, ambao Sumbawanga yake iko karibu meta 1,800 juu ya bahari, una hali gani ya hewa? Si hiyo hiyo ya baridi? Na wakulima wetu hawalimi viazi na nyanya?

Neno la pili: "Tazama majani yake yalivyo ya kijani, mche huu mzima." Huo ni ushahidi wa macho, na macho hayaoni virusi. Okidi za biashara zina virusi viwili vinavyojulikana duniani kote, kimoja kikibeba jina la okidi iitwayo simbidiamu na kingine la odontoglosamu. Mmea unaweza kukaa navyo muda mrefu bila alama yoyote. Mkulima anakata ua hapa, anakata pale, kwa kisu kile kile, na utomvu uliobaki kwenye makali unahamisha ugonjwa kutoka chungu hadi chungu. Atakapoanza kuona mabaka katika majani na maua yaliyofifia rangi, huenda banda zima limekwisha kuambukizwa. Wenzetu wa Kagera wanaijua habari ya kisu. Mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia kwao, umetembezwa sana na visu vya wakulima wenyewe na machipukizi waliyopeana kwa wema.

Neno la tatu: "Ukitokea ugonjwa tutapiga dawa." Dawa gani? Hakuna dawa ya kuponya mmea wenye virusi. Hakuna ya kupuliza itakayomfukuza bakteria wa mnyauko akishaingia udongoni. Na mwenye kufikiri kwamba okidi ni mapambo tu, basi akumbuke kuwa vanila nayo ni okidi. Asili yake ni Meksiko, na hapa kwetu Kagera inalimwa kwa ajili ya fedha. Hupandwa kwa marando yanayokatwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine, kwa hiyo shamba zima ni kama damu moja: kinachoua mmoja chaweza kuua wote. Ukungu uozeshao mizizi ya vanila hukaa ardhini miaka mingi. Anayenunua marando asiyojua yametoka wapi ananunua na udongo wa mtu mwingine, pamoja na madhambi yake.

Neno la nne ndilo zito kuliko yote: "Ukaguzi ni usumbufu. Ni urasimu wa kumla mfanyabiashara." Hapa sitajifanya kiziwi. Mche si kitanda cha mbao; ukikawia mpakani siku kadhaa unakufa, na mtaji unakufa nao. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini dawa ya mlinzi anayesinzia ni kumwamsha. Hakuna anayebomoa ukuta kwa sababu mlinzi amesinzia. Tuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao yake Arusha. Sheria inataka kibali cha kuingiza mmea, na cheti cha afya kutoka nchi unakotoka. Tudai huduma hiyo itolewe upesi na kwa uaminifu, Kasesya kama inavyotolewa uwanja wa ndege. Anayepitisha vyungu usiku kwa njia za panya hajamshinda afisa yeyote. Amemshinda jirani yake.

Naam, jirani. Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Husemwa kwamba mtu na mali yake, akiharibu ni hasara yake. Si kweli. Maji ya mvua hayajui mipaka ya viwanja. Jembe huazimwa. Mfipa tangu kale hulima matuta ya intumba, akifukia nyasi ili zioze na kurutubisha ardhi. Udongo kwake ni akiba anayoiweka kwa ajili ya wanawe. Ugonjwa wa udongoni ukiingia katika akiba hiyo, huli faida ya mwenye kitalu peke yake. Mwaka 2011 ugonjwa wa kuangamiza mahindi ulionekana Bomet, Kenya, na mwaka uliofuata ukaripotiwa Tanzania. Sisi wa Rukwa, tunaohesabiwa miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi hii, tulipaswa kujifunza hapo kwamba ugonjwa wa mimea hausubiri mwaliko.

Simkatazi mtu kulima okidi. Namtaka ailime kama mtu mwenye akili. Anunue miche ya maabara, iliyokuzwa ndani ya chupa bila udongo. Mfaransa Georges Morel alionyesha mwaka 1960 kwamba chembe ndogo ya ncha ya mmea inaweza kutoa simbidiamu isiyo na virusi, na njia hiyo leo hutumika hata kwa migomba. Miche mipya aitenge na ya zamani kwa miezi kadhaa huku akiitazama. Kisu akichovye katika dawa, au akipitishe motoni, kila atokapo mmea mmoja kwenda mwingine. Udongo wa kigeni asiumwage shambani. Na anayeuza bila cheti, asinunue kwake hata kama bei ni ya kutupa.

Hayo si mambo ya gharama ya kutisha. Yanachohitaji ni subira, nayo subira ni bei nafuu kuliko shamba la viazi ambalo halitazaa tena katika uhai wa aliyelirithi. Mwenye kutaka faida ya haraka na aihesabu vizuri: faida itakuwa yake, hasara itakuwa ya kijiji. Biashara ya namna hiyo mimi siiti ujasiriamali. Naiita wizi wa taratibu.