Kutoanguka Ulingoni Si Uzima

Usiku wa ngumi vibanda umiza vya Sumbawanga hujaa, na bondia anayeshangiliwa kuliko wote mara nyingi si fundi wa kupiga. Ni yule anayekula makonde raundi nane, jicho limefunga, mdomo umechanika, na bado anasonga mbele. Ngumi hazimwingii huyo, watu husema; ana kichwa kigumu. Sifa hiyo imezaa imani ambayo mashabiki, makocha na hata wazazi wanaishi nayo bila kuihoji: kwamba hatari ya mchezo huu ni kupigwa KO, na kijana akishuka ulingoni kwa miguu yake basi ni mzima. Si kweli. Ngumi zinamwingia, na asipoanguka zinamwingia nyingi zaidi.

Kifo cha ulingoni kinatutikisa kwa sababu tunakiona. Mwishoni mwa Desemba 2024 taifa liliomboleza bondia Hassan Mgaya, aliyefariki baada ya pambano jijini Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa kila mtu alizungumzia usalama wa mabondia. Lakini hata katika vifo, ishara tunayoitegemea inadanganya. Robert Wangila wa Kenya, aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alipigana Las Vegas Julai 1994 hadi mwamuzi akasimamisha pambano. Wangila alikuwa wima, tena analalamika kwamba ameonewa. Muda mfupi baadaye alizimia, na hakuzinduka tena. Angeulizwa mtazamaji yeyote dakika ile, angesema bondia hana neno.

Ubongo ni laini, na unaelea katika majimaji ndani ya fuvu. Konde la pembeni likitua kwenye taya, kichwa huzunguka ghafla. Fuvu linageuka, ubongo unachelewa kulifuata, na nyuzi nyembamba zinazobeba mawasiliano ndani yake zinavutika, nyingine zinakatika. Konde hilo halihitaji kumwangusha mtu ili limdhuru. Wala hakuna sugu inayoota kwenye ubongo kama inavyoota kiganjani mwa mshika jembe. Glavu hulinda zaidi mifupa ya mkono wa anayepiga, ndiyo maana humwezesha kulenga kichwa mara nyingi bila kuvunjika vidole. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu madhara ya ngumi kwa ubongo mwaka 1928, na jambo moja katika maelezo yake lingepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila kambi: walioharibika zaidi walikuwa wapiganaji wanaokubali kupigwa ili wapige, na mabondia wa daraja la pili wanaotumiwa kuwafanyisha mazoezi wakubwa. Kwa lugha ya kambini, ni wenza wa sparingi, yaani ngumi za mazoezi. Kijana wa mkoani anayechukuliwa kwenda mjini kumfanyisha mazoezi mwenye jina anaingia moja kwa moja kwenye kundi hilo.

Muhammad Ali, katika mapambano yake 61 ya kulipwa, alizuiwa kumaliza pambano mara moja tu, mbele ya Larry Holmes mwaka 1980. Kama kutoanguka kungekuwa kinga, yeye angezeeka akiimba. Kinshasa mwaka 1974 aliegemea kamba akamwacha George Foreman ampige hadi achoke, na dunia ikauita ujanja huo werevu. Mazoezini pia alikuwa na tabia ya kuwaacha wenzake wampige. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42, madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka. Wataalamu hawajakubaliana ni kwa kiasi gani ngumi ndizo zilizousababisha, na si haki kumfanya Ali peke yake ushahidi wote. Ila hakuna anayeweza kumtaja kama mfano wa kichwa kisichoingiwa.

Watetezi wa ngumi wana hoja, na moja ina uzito: mabondia wengi wastaafu wako salama. Ni kweli. Utafiti wa mtafiti Roberts, uliotolewa Uingereza mwaka 1969, uliwakuta na dalili za uharibifu wa ubongo takriban 17 kwa kila 100 ya wastaafu wa ngumi za kulipwa waliochunguzwa, na waliopigana muda mrefu ndio walioathirika zaidi. Yaani mmoja kati ya sita. Nani angempandisha mwanawe kwenye basi kwa hesabu hiyo? Wengine husema bodaboda pia inaua. Inaua, lakini ajali ya bodaboda ni kazi iliyoharibika, ilhali konde la kichwani ndiyo kazi yenyewe, tena lina alama. Na kinga ya kichwa inayotajwa kama suluhisho hupunguza kuchanika. Haizuii ubongo kutikisika.

Wapo wanaosema ngumi ni ajira, na hoja hiyo siidharau. Lakini kijana wa Laela au Matai hatalipwa cha mwenye mkanda, na madhara yake hayatokei Dar es Salaam. Yanatokea miaka kumi au ishirini baadaye, akiwa amerudi shambani: anashindwa kufunga vifungo vya shati, anaburuta maneno, anawaka hasira na watoto wasiomkosea. Majirani watasema ni pombe. Wengine, na huku kwetu hawakosekani, watasema karogwa, na mbuzi watauzwa kumlipa mganga. Akipigwa vibaya hapahapa Sumbawanga, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ipo umbali wa zaidi ya kilomita 300.

Kanuni za ngumi kwa kawaida humpumzisha zaidi aliyepigwa KO, huku aliyekula makonde raundi zote na kubaki wima akiweza kurudi kambini mapema. Kamisheni ya ngumi za kulipwa igeuze utaratibu huo: apumzishwe kwa idadi ya makonde aliyopokea, na sparingi ya kichwani iwekewe kikomo kwa wiki. Na wewe mzazi, kocha akija kukuomba kijana wako, usimuulize kama ameshawahi kuanguka. Muulize anapigwa kichwani mara ngapi kwa wiki mazoezini, na nani anaandika. Akikosa jibu, mnyime mtoto.